Nakimbia na kubeba chuma ila mzani haushuki, suruali ndo zinapwaya. Hii imekaaje?

Kijana wa Tabata:

Wakuu habari za jioni, naomba msaada hapa hasa kwa walimu wa mazoezi na watu wa afya kama mpo. Mi mwanaume miaka 34, urefu sentimita 172, kazi yangu ya kukaa tu ofisini Posta kutwa nzima. Tangu Ramadhani iishe nimeanza mazoezi, asubuhi nakimbia kama kilomita 5 hivi, jumamosi tunakutana na wenzangu wa jogingi Koko Bichi tunapiga mpaka daraja la Tanzanite na kurudi, halafu jioni kuna jimu hapa mtaani nabeba chuma. Mzani uko kwenye 88 na haubanduki. Cha ajabu suruali za kazini zinapwaya, mkanda nimeukaza matundu zaidi, na ofisini wananiuliza kama naumwa.

Sasa ushauri ninaopewa ndo unanichanganya. Jimu wanasema nijifunge nailoni tumboni nikimbie nayo jasho litoke mafuta yayeyuke. Jamaa wa kazini anasema niache ugali na wali kabisa. Shemeji yangu anasema mlo mmoja kwa siku basi. Na mke wangu anataka kuanza chai ya kukata tumbo anayouziwa mtandaoni. Kingine nataka mwakani nikimbie nusu marathoni ya Kilimanjaro kule Moshi ila spidi haipandi, hapa Dar nikikimbia moyo unadunda mpaka naogopa, lakini juzi nilikuwa Iringa kikazi nikakimbia umbali uleule nikawa mwepesi kabisa. Naombeni maelezo ya kueleweka, sio "komaa tu mkuu".

Mdau wa Ubungo:

Mkuu achana na ugali, wali, chapati, viazi, vyote weka pembeni. Mi nilivyoacha wanga wiki ya kwanza tu mzani ukashuka kilo tatu na zaidi, hiyo ni bila hata kukimbia. Mafuta ya mwili yanakuja kwa wanga, hayo mengine ni kujichosha.

Mwalimu wa Chang'ombe:

Kijana wa Tabata, kwanza hongera maana kwa maelezo yako mazoezi yanafanya kazi vizuri sana, kinachokuangusha ni kifaa unachopimia. Mzani unakupa uzito wa kila kitu kwa pamoja, mifupa, maji, misuli, mafuta, na chakula kilichoko tumboni muda huo, hauwezi kukwambia kipi kimepungua na kipi kimeongezeka. Mtu anayeanza kubeba chuma kwa mara ya kwanza huku ana kitambi anaweza kabisa kupoteza kilo mbili za mafuta na kupata uzito kama huohuo wa misuli na maji, mzani ukabaki palepale. Na misuli imeshikana zaidi, lita moja ya misuli ina uzito wa kama kilo 1.06, ya mafuta ni kama kilo 0.9, ndo maana suruali inapwaya wakati namba haijasogea.

Hapo kwenye maji naomba nikae kidogo maana ndo penye mkanganyiko mkubwa, na ndipo penye jibu la mdau wa Ubungo pia. Mwili unatunza wanga kwenye misuli na ini kwa namna inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima inafika kama gramu 500 hivi, na kila gramu moja inakaa na maji kama gramu 3. Sasa ukiacha wanga ghafla ile akiba inatumika na maji yake yanatoka kwenye mkojo, kilo mbili mpaka tatu zinaondoka ndani ya siku chache na mafuta bado yapo palepale. Siku ukila wali zinarudi. Simaanishi kupunguza wanga hakufai, kuna watu kunawasaidia kweli kula kidogo, ila zile kilo za wiki ya kwanza nyingi ni maji. Wewe unayeanza jimu inakuwa kinyume chake, misuli inajifunza kutunza glaikojeni nyingi zaidi na ile iliyochoka inavimba kidogo inapojirekebisha, kwa hiyo unabeba maji zaidi ya zamani.

Kuhusu nailoni, tafadhali usithubutu. Jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kupoza mwili, halitoi mafuta hata tone. Mafuta yakitumika sehemu kubwa ya uzito wake inatoka kwa kupumua, kama hewa ya kaboni, inayobaki ndo inakuwa maji. Lita ya jasho ni kilo moja kwenye mzani na ukinywa maji imerudi. Marekani mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache kwa kujifungia kwenye joto na nguo za mpira ili washushe uzito kabla ya pambano, baada ya hapo nguo hizo zikapigwa marufuku kwenye mchezo wa vyuo. Wale walikuwa vijana wadogo wenye mwili wa chuma. Wewe unataka kufanya hivyo kwenye joto la Dar? Na hakuna zoezi la kuchagua mafuta yatoke tumboni, unaweza kupiga sitapu mia misuli ya tumbo ikakaza lakini mafuta mwili unayatoa unapotaka wenyewe.

Halafu watu wengi hapa hawajui kwamba moja ya tafiti kubwa za mambo haya imefanyika hapahapa kwetu. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wahadzabe kule karibu na ziwa Eyasi, watu wanaotembea kutwa wakiwinda, wakichimba mizizi na kutafuta asali. Waliwapima kwa maji maalumu ambayo yanaonyesha mtu ametumia nguvu kiasi gani kwa siku nzima. Kila mtu alitegemea Mhadzabe awe anachoma kalori nyingi mno kuliko Mmarekani wa kukaa ofisini, lakini ukishaweka sawa ukubwa wa mwili wakakuta wanakaribiana sana. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi sehemu nyingine ili jumla isipande sana. Tofauti iko kwenye chakula, na Wahadzabe ni wembamba na mioyo yao ni mizima.

Kwa hiyo usitegemee mbio peke yake zikushushe uzito. Kukimbia kunagharimu takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kilomita, wewe wa kilo 88 kwa kilomita 5 ni kama 440. Chapati mbili za mafuta na chai yenye sukari zinarudisha zote na chenji inabaki. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700, piga hesabu mwenyewe. Ile ya "misuli inachoma kalori hata ukiwa umelala" ni kweli lakini wanaikuza sana, kilo ya misuli ikitulia inatumia kama kalori 13 kwa siku, hata uongeze kilo tano haifiki nusu ya soda moja. Mbio zako ni kwa ajili ya moyo, presha, sukari kwenye damu na pumzi, chuma ni kwa ajili ya kulinda misuli usipungue vibaya, na uzito wenyewe unaamuliwa sanasana kwenye sahani. Mimi ningekuambia endelea na vyote vitatu.

Na msikubali kuambiwa eti ukivuka 30 mwili umelala. Mwaka 2021 watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakakuta matumizi ya nguvu ya mwili ukishazingatia ukubwa na misuli yanakaa vilevile kutoka miaka 20 mpaka 60 ndo yanaanza kushuka taratibu. Kinachobadilika kwenye thelathini ni kazi ya kukaa, gari, na sahani.

Dada Lishe Kigamboni:

Mwalimu kamaliza sehemu ya mwili, mimi niongezee ya jikoni maana nashughulika na lishe na haya maswali nayapata kila siku.

Kaka Tabata tatizo la sahani nyingi za hapa mjini sio kwamba kuna ugali, ni kwamba ugali ni mlima na mboga ni ya kulowekea. Unga wa mahindi gramu 100 mkavu una kama kalori 360, sasa kuna watu wanasongewa ugali wa unga gramu 250 mtu mmoja, hapo ni 900 kabla ya mboga. Usiufute, upunguze ufike ukubwa wa ngumi yako au zaidi kidogo kwa sababu unakimbia na wanga unauhitaji, halafu nafasi iliyobaki ijaze na protini na majani. Protini inashibisha kuliko wanga na mafuta na ndo inayojenga hiyo misuli unayoitolea jasho jimu. Mtu anayebeba chuma tafiti zinaonyesha faida inaongezeka mpaka kama gramu 1.6 kwa kila kilo kwa siku, na kwa mtu mwenye kitambi mimi huwa napigia uzito anaoutaka, tuseme 75, hapo ni gramu 120.

Watu wakisikia gramu 120 wanakimbilia makopo ya unga wa protini ya bei mbaya. Jamani! Yai moja lina gramu 6. Maharage yaliyoiva bakuli la maana yanakupa karibu 20. Kipande cha samaki cha gramu 150 ni 30 na kitu. Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini tupu, na ukila na mifupa yake umepata na kalsiamu juu. Weka mtindi glasi moja, weka kunde au choroko, unakuwa umesogea sana bila kununua kopo. Dagaa wakaangwe kwa mafuta kidogo lakini, sio waogelee, kwa sababu gramu moja ya mafuta ni kalori 9 wakati protini na wanga ni 4 kila mmoja, na ndo maana zege ya jioni inaua hesabu ya siku nzima, viazi vimenyonya mafuta, mayai yamenyonya mafuta, na soda pembeni. Soda ya chupa ya mililita 350 inaingia na sukari karibu gramu 35. Kama kuna kitu kimoja cha kuacha kesho asubuhi ni hicho, na juisi za kuongezwa sukari.

Mlo mmoja kwa siku sio dhambi. Kufunga kunasaidia kwa sababu unaishia kula kidogo, hakuna uchawi wa ziada kwenye saa, na mfano mzuri ni Ramadhani, mtu anafunga mwezi mzima lakini futari ni mihogo ya nazi, sambusa, kalmati, uji wa sukari, daku wali, anatoka amenenepa. Ila kwa anayejenga misuli na anayejiandaa na mbio ndefu kuingiza gramu 120 za protini na wanga wa kutosha kwenye mlo mmoja ni kazi ngumu, afadhali miwili au mitatu midogo. Mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge wala kubadilisha mlo ghafla bila kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka ikamuangusha barabarani.

Na shemeji yetu, mkeo, mwambie kwa upole aachane na hiyo chai. Nyingi ya hizo zinawekwa majani ya sena, hiyo ni dawa ya kuharisha, tumbo linakuwa bapa kwa sababu limetoka maji na kinyesi, mafuta yako palepale na ukizoea utumbo unakuwa mvivu. Mbaya zaidi kuna bidhaa za kupunguza uzito ambazo duniani zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hujui kilichomo, usinywe. Na yeye akianza mazoezi asijipime kila asubuhi akakata tamaa, sisi wanawake tukikaribia siku zetu mwili unashika maji na mzani unaweza kupanda kilo nzima au zaidi, halafu unashuka wenyewe. Ajilinganishe wiki ileile ya mwezi huu na wiki ileile ya mwezi uliopita.

Mbio Ndefu Msasani:

Mi nijibu ya mbio maana ndo maisha yangu. Mkuu huna tatizo la moyo kwa hayo uliyosema, una joto la Dar, ingawa kama unapata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuna mtu kwenu alikufa ghafla kijana, nenda hospitali kapimwe kwanza kabla ya yote.

Iko hivi, ukikimbia misuli inazalisha joto jingi na mwili unalitoa kwa jasho kukauka juu ya ngozi. Dar hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho linatiririka linadondoka chini badala ya kukauka, na linalodondoka halipozi kitu. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi kutafuta kupoa, inayobaki kwa misuli inapungua, moyo unalazimika kudunda haraka zaidi kwa spidi ileile. Iringa ni juu, hewa ni nyepesi, ulitakiwa uchoke zaidi, lakini baridi ikakubeba. Watu wanalichukulia kama udhaifu wao kumbe ni hali ya hewa.

Angalieni Alphonce Simbu wetu. Aprili 2025 kwenye marathoni ya Boston alishika nafasi ya pili kwa saa 2:05:04. Septemba mwaka huohuo akachukua dhahabu ya dunia Tokyo kwa 2:09:48, muda sawa kabisa na Mjerumani Amanal Petros, wakatenganishwa kwa sehemu ndogo mno ya sekunde pale kwenye utepe. Mtu yuleyule, mwaka uleule, karibu dakika tano tofauti. Najua njia hazifanani na mbio za ubingwa watu wanaviziana, lakini Tokyo ilikuwa joto na unyevu, na Mkenya Kelvin Kiptum alipoweka rekodi ya dunia ya 2:00:35 Chicago Oktoba 2023 ilikuwa asubuhi ya baridi. Kama joto linamgusa Simbu, wewe wa Tabata usijilaumu.

Cha kufanya, toka saa kumi na moja alfajiri, na usikimbizane na saa ya mkononi. Kimbia mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzio sentensi nzima, sehemu kubwa ya kilomita zako za wiki ziwe hivyo, halafu siku moja tu ndo uvute spidi. Wengi wa jogingi tunaokutana nao pale Koko kwao kila siku ni mashindano, ndo maana hawapandi na magoti yanauma. Mwili ukifanya mazoezi kwenye joto siku kumi mpaka kumi na nne unazoea, maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na linabeba chumvi kidogo, moyo unatulia. Kwa hiyo Dar inakujenga, ukifika Moshi mwishoni mwa Februari asubuhi ile utashangaa. Kunywa maji ukisikia kiu na weka chumvi kidogo kwenye mbio za zaidi ya saa moja, ila usijazie malita kwa malita, maji yakizidi sana sodiamu kwenye damu inashuka na hiyo nayo inaua watu kwenye marathoni.

Na usingizi jamani, usingizi!! Chuo Kikuu cha Chicago walitoa utafiti mwaka 2010, watu wanakula chakula kidogo kilekile, kipindi kimoja wanapewa nafasi ya kulala kwa muda wa saa nane na nusu, kingine muda wa saa tano na nusu. Kilo zilizopungua zililingana, lakini waliponyimwa usingizi mafuta yaliyotoka yalikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu, wakapoteza misuli badala yake. Mtu anaangalia mpira mpaka saa saba usiku halafu saa kumi na moja anaamka kukimbia, anajibomoa.

Kijana wa Tabata:

Aisee asanteni sana, nailoni nimeitupa na mke wangu nimemsomea hapo kwa dada Lishe ameelewa. Maswali mawili ya mwisho. Mchana nakula kwa mama lishe sina uchaguzi mkubwa, nifanyeje? Na kama sio mzani nipime na nini? Jimu kuna mashine ya kusimama inatoa asilimia ya mafuta, niiamini?

Dada Lishe Kigamboni:

Kwa mama lishe mwambie nusu wali, maharage mara mbili, na mchicha au kisamvu ajaze. Watakuelewa, siku ya tatu atakupakulia bila kuuliza. Samaki akiwepo chukua wa kuchemsha au mchuzi kabla ya wa kukaanga. Soda badala yake maji.

Mwalimu wa Chang'ombe:

Hizo mashine zinapitisha umeme kidogo mwilini na kukisia kutokana na maji uliyonayo, ukipima umetoka kukimbia na ukipima umekunywa lita ya maji majibu ni tofauti. Ukiitumia iwe asubuhi ileile, hali ileile, na uangalie mwelekeo wa miezi sio namba ya leo. Mimi ningekushauri futi ya fundi cherehani. Tafuta ubavu wa mwisho chini na juu ya mfupa wa nyonga, katikati yake ndo unazungusha, toa pumzi kawaida usivute tumbo ndani. Kwa mwanaume Shirika la Afya Duniani linasema hatari inaanza kupanda juu ya sentimita 94 na kuwa kubwa juu ya 102, kwa mwanamke 80 na 88. Lengo jingine rahisi ni kiuno kisizidi nusu ya urefu, kwako wewe ni 86. Mafuta ya ndani yanayozunguka ini na utumbo ndo yanaleta kisukari na presha, na ndo huwa yanatangulia kupungua mtu akianza mazoezi hata kama mzani umegoma. Pima mara moja kila wiki mbili, andika na uzito unaobeba jimu na muda wako wa kilomita 5. Ukipima leo weka namba hapa.

Kijana wa Tabata:

Nimepima sasa hivi na mke wangu kashika futi, 97. Kwenye 94 nitarudi kuwaambia.